Hotipoti Hairudi Tupu

Jumatatu, 3 Novemba

Goti la kushoto tena. Nimesimama kwenye metro ya Dubai kutoka Al Rigga mpaka Jumeirah Lake Towers, behewa la wanawake limejaa, na hakuna aliyeniinukia. Miaka sitini na mbili. Labda rangi ya mdomo ndiyo iliyowadanganya.

Ofisini saa tatu. Nikawasha birika. Mlangoni petu pameandikwa kuwa tunaagiza chai kutoka Afrika Mashariki, na kweli tunaagiza, makatoni machache, ili mgeni akiingia asikute hewa. Kazi yenyewe siyo chai. Mwaka wa thelathini na nne huu nawatumikia Waingereza katika idara yao ya ujasusi. Tarehe 31 Desemba nastaafu.

Shajara ni mwiko katika kazi hii. Ni kosa la kwanza wanalokufundisha usilifanye. Nimeanza mwezi uliopita kwa sababu sina wa kumwambia, na naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo sijawahi kuiandikia ripoti. Nilitoka Unguja nina miaka saba. Marehemu mama alikataa katakata nisahau.

Leo wameniletea habari kutoka London. Anakuja kijana wa kunisaidia makabidhiano. Sikuomba msaada.

Jumanne, 4 Novemba

Niliweke sawa hili jambo, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Jengo la tatu kutoka letu, ghorofa ya ishirini na moja, ana ofisi dalali mmoja. Anauza silaha kwa watu ambao serikali ya Uingereza imekataza wasiuziwe. Mwaka huu waziri wetu wa huko London amepanda ghorofa hiyo mara tatu. Anakuja Dubai na mkewe, mapumziko ya familia, na mke akiwa madukani yeye anakwenda kwa dalali. Jina lake halisi limo kwenye daftari la wageni la mapokezi, kwa sababu mlinzi hampandishi mtu bila kuandika pasipoti yake. Picha za kurasa hizo ninazo.

Nilizipeleka kwa bosi wangu wa zamani, mtu ninayemwamini. Naye akastaafu kabla hajazifanyia kazi. Mrithi wake amezipeleka juu, kama utaratibu unavyotaka. Na huko juu anayekaa mezani ni waziri yule yule. Ripoti zetu zote zinaishia kwake.

Kwa hiyo anajua kuwa yupo mtu ndani ya jengo. Hajui ni nani. Anayejua ni mie peke yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepika pilau. Nimeijaza hotipoti ya buluu na kuipeleka kwa Bi Zuwena, kama kila Alhamisi.

Bi Zuwena ni mjane wa Kiunguja, miaka sabini na nane, anakaa nyuma ya Al Rigga tangu magari yalipokuwa ya kuhesabu. Anapika visheti na vitumbua, na nusu ya Waafrika wa Deira wanapita mlangoni kwake. Hajui kazi yangu. Anachojua ni kwamba Bi Rukia wa chai amemwonea huruma binti mmoja wa Kiganda, anampelekea chakula mara moja kwa wiki. "Utapata thawabu," huniambia. Laiti angejua.

Binti mwenyewe anaitwa Prossy. Miaka ishirini na tisa. Ni sekyuriti pale mapokezi, saa kumi na mbili kwa siku, yunifomu ya kijivu. Analala chumba cha vitanda sita, mtaa mmoja na Bi Zuwena. Kaka yake aliuawa akilinda ghala katika nchi yenye vita, kwa bunduki ambazo hazikutakiwa kuwepo kule. Siku nilipomweleza dalali wa juu anauza nini, hakuniuliza atapata nini. Aliniuliza kurasa za daftari azipige picha vipi.

Mpango wetu ni huu. Alhamisi naacha hotipoti. Prossy akitoka zamu anaichukua, anakula, Jumamosi anairudisha kwa Bi Zuwena, nami naipitia jioni. Ikiwa na kitu ndani, ndizi, kitunguu, chochote, basi salama, na Jumapili tunakutana kwenye behewa la wanawake, ambako mwanamume akiingia anatolewa. Ikirudi tupu, hatari. Nisimsogelee kabisa.

Alama hii nimeibuni mwenyewe na nilijisifu nayo. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa chakula, sahani ya watu unairudisha na chochote, japo chumvi. Kwa hiyo hotipoti tupu haiwezi kutokea kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Ndizi mbili. Alhamdulillahi.

Jumapili, 9 Novemba

Tumekutana. Prossy amekaa, mie nimesimama mbele yake nimeshika bomba, kama watu wasiojuana. Alinisemesha akiangalia simu yake. Wamebadilisha supavaiza. Huyu mpya anauliza maswali, nani alikuwa zamu siku gani. Nikamwambia asipige picha yoyote tena. Aache kabisa. Akasema sawa mama.

Halafu akainuka akanipisha kiti. Nikamkatalia kwa macho. Akaendelea kusimama, kichwa kimeinama, na kiti kikabaki kitupu baina yetu mpaka akakikalia mama mmoja wa Kifilipino. Mtoto ana adabu mpaka inaudhi.

Jumanne, 11 Novemba

Kijana amefika. Anaitwa Julian. Miaka thelathini na tano, viatu vizuri, tabasamu la mtu aliyesoma shule ya bweni. Ameniuliza habari ya goti. Nani kamwambia nina goti?

Ameshinda ofisini siku nzima akifungua mafaili. Saa kumi, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo tu, akaniuliza chanzo changu cha jengo lile ni nani. Kwa ajili ya kumbukumbu. Nikamwambia makabidhiano ya watu hufanywa siku ya mwisho. Akacheka, akasema bila shaka.

Simpendi. Si mbaya, ndiyo tabu yake. Anaamini anatii amri halali.

Alhamisi, 13 Novemba

Biriani ya kuku leo. Nimeipeleka kwa Bi Zuwena.

Julian kauliza tena. Safari hii hakucheka. Jina linatakiwa London mwisho wa mwezi. Nikamuuliza linatakiwa na nani. Akasema na ofisi ya waziri, kila chanzo sasa kinahakikiwa upya. Alisema hivyo akikoroga chai yangu, tena ile nzuri.

Hesabu yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa chuo cha Kurani ataielewa. Jina likifika kwa waziri litafika kwa dalali, na dalali atapiga simu kwa wenye kampuni ya ulinzi. Prossy atashitakiwa kwa kuiba kumbukumbu za jengo. Pasipoti yake imo kwenye kabati la kampuni, wanasema kwa usalama. Hana pa kukimbilia. Atakayemtetea ni nani? Mie sipo. Kwenye karatasi mie ni bibi wa chai.

Naogopa. Nilisahau woga unavyokausha mdomo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeipitia hotipoti. Imejaa visheti, bado vya moto, sukari inang'aa. Nimekula vitatu njiani na vidole vikaninata. Nikasema moyoni Prossy leo kajitahidi, kanunua vya Bi Zuwena mwenyewe. Mambo yako shwari. Kesho tunaonana, nimpe habari ya Julian, tupange.

Jumapili, 16 Novemba

Hakuja.

Nimekwenda na kurudi, Al Rigga mpaka mwisho wa njia, mara tatu. Behewa la wanawake kila mara. Watoto, mikoba, manukato. Hayupo. Simu hatupigiani, hilo nililikataza mwenyewe.

Hotipoti ilisema salama. Basi anaumwa. Au kabadilishiwa zamu. Au kaanguka bafuni. Hotipoti ilisema salama, kwa hiyo si hatari, ni jambo jingine. Hilo nimejirudia siku nzima kama mwendawazimu.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefanya la kipumbavu. Niliandike lote.

Saa nne nilitoka ofisini nikaenda kwa miguu mpaka jengo la dalali. Nilijiambia nampitia tu, nimwone kwa mbali kama mzima, nitoke. Nilikuwa na katoni la sampuli za chai mkononi, kisingizio cha kuulizia kampuni isiyokuwepo. Kazi ya dakika moja. Nimewahi kuifanya mara mia, katika miji mibaya kuliko huu.

Prossy alikuwa mezani. Mzima wa afya. Aliponiona uso ulimkauka, na hapo hapo nikajua. Macho yake yalikuwa yakiniuliza umefuata nini hapa, si nilikwambia usije.

Lakini kabla ya kuniuliza chochote kwa mdomo, alifanya jambo jingine. Goti lilimshuka. Kidogo tu, nusu goti, nyuma ya meza, mikono mbele. Kwao Buganda msichana hamwamkii mama mtu mzima kwa kusimama wima, na Prossy nimemkataza mara ngapi sijui. Mwili ulimtangulia akili. Akajishtukia, akajiweka sawa, akasema kwa Kiingereza, "Yes madam, how can I help?"

Nikaulizia kampuni yangu ya uongo. Akasema haipo. Nikamshukuru, nikageuka.

Kwenye kochi la mgahawa wa pale chini, hatua kumi na tano kutoka meza ile, alikaa Julian na kikombe cha kahawa. Aliniinulia kikombe.

Kumbe ananifuata, sijui tangu lini. Na mie sikugeuka nyuma hata mara moja. Nimezeeka. Hakuna neno jingine.

Jumanne, 18 Novemba

Julian hakuniacha nikae. "Yule binti wa mapokezi anakuheshimu sana," alisema. Kisha akaniambia, kwa upole wote, kwamba mlinzi hampigii goti mgeni aliyekuja kuuza chai.

Amenipa mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Ananitaka niandike jina mwenyewe, kwa saini yangu, kwa sababu neno lake pekee ni dhana na London haipokei dhana. Nisipoandika, ataandika yeye alichokiona, na watu wa London watachagua cha kuamini. Aliongeza kuwa angependa niondoke kwa heshima. Nilitamani kumwagia birika.

Saa kumi na moja nilikuwa kwa Bi Zuwena. Nilikwenda nimekasirika, sijui nimekasirikia nani. Nikamuuliza, Prossy Jumamosi alikuja saa ngapi na alisema nini. Akasema alikuja baada ya adhuhuri, ana haraka, kaweka hotipoti mezani, kasema, "Bi, mwambie mama nimerudisha vile iko." Kaondoka.

Nikamuuliza visheti alinunua vingapi.

Bi Zuwena akaona haya. Akasema hakununua, masikini. Hotipoti ilikuwa tupu, imeoshwa, inameta. "Nikaona aibu kwa niaba yake, Bi Rukia. Mtoto wa watu wa bara hajui, utamlaumu bure. Nikatia mie mwenyewe, ukajua kakukumbuka."

Nilikaa kitako.

Alama yangu. Nilipita humo humo ndani ya mila yetu nikatengeneza alama, nikasahau kwamba katikati ya njia anakaa mwanamke aliyelelewa kwa mila hiyo. Chombo kitupu kilipita mikononi mwa Bi Zuwena na mie nikatarajia kitoke kitupu. Hata mamangu angekijaza. Mie mwenyewe ningekijaza. Ningempa hotipoti hiyo Mwingereza yeyote, angeirudisha tupu na Prossy leo angekuwa salama.

Nikamwambia ukweli. Si wote. Nikasema binti ameona maovu ya wakubwa kazini kwake, utupu ule ulikuwa onyo, watu wabaya wakilijua jina lake atafungwa, na muda tulionao ni mpaka keshokutwa. Bi Zuwena alilia kwa muda mrefu. "Nimemponza mtoto wa watu kwa visheti," alisema. Nikamwambia siye sote wawili. Aliyeanza ni mie.

Halafu akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza pasipoti ya mtoto iko kwa nani.

Jumatano, 19 Novemba

Sijawahi kuwa na siku ndefu namna hii. Niliendesha mawakala wa siri katika nchi nne na leo nilikaa juu ya kigoda jikoni kwa Bi Zuwena, nikimenya iliki, nikitii.

Kampuni ile ya ulinzi ina mandubu wake, mtu wa kupeleka makaratasi kwenye ofisi za serikali. Anaitwa Seif. Ana meza yake Al Ras, juu ya duka la viungo, anashughulikia makampuni kadhaa, na ufunguo wa kabati la pasipoti anao yeye. Mamake Seif alikuwa wa Malindi, Unguja, jirani wa Bi Zuwena hapa Deira. Mama huyo alipougua, Seif alikuwa mdogo, na alikula kwa Bi Zuwena miaka miwili. Mpaka leo kila Idi sinia la visheti linakwenda kwa Seif, na kila Idi linarudi na tende, au kitambaa, au samaki mzima.

Bi Zuwena hakutaka nimfundishe la kusema. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, msiba, mama kafariki, machozi. Akanikata. "Mtoto wangu simdanganyi." Alikaanga visheti vya sinia zima, akavifunika kitambaa, akavaa buibui, akaita teksi. Nikamshika mkono mpaka mlangoni. Nilitaka kumwambia kuwa kama Seif akimpigia simu bosi wake mambo yamekwisha. Sikusema. Alikuwa anajua.

Saa nane. Saa tisa. Nilifagia chumba chake mara mbili. Nikapiga deki. Julian alinitumia ujumbe kuuliza naendeleaje.

Saa kumi na robo alirudi na sinia. Aliniambia kila neno. Alimwambia Seif binti huyu anataka kwenda kwao, ana sababu, usiniulize sababu. Seif akala kisheti kimoja. Akafungua faili, akasema likizo yake ya miaka miwili haijaguswa, haki yake. Akapiga muhuri, akatoka na ufunguo wa kabati, akarudi baada ya nusu saa.

Bi Zuwena aliweka sinia mezani akaondoa kitambaa. Juu yake palikuwa na zabibu kavu, karatasi ya likizo na pasipoti ya Prossy.

Nimelia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Prossy kaondoka na ndege ya saa tano asubuhi. Sikumsindikiza. Bi Zuwena ndiye aliyekwenda, amekaa naye mpaka pale wasafiri wanapoachana na wasindikizaji. Nilimfungia pilau ya njiani kwenye hotipoti ya buluu. Sikuwa na jingine la kumpa ambalo lisingemponza. Nilimpelekea maneno mawili: avunje laini ya simu, na asinitafute.

Kisha nikaenda ofisini. Nikawasha birika. Nikaandika ripoti yangu ya mwisho, ukurasa mmoja, na kutia saini.

Nimeandika kwamba chanzo cha jengo lile hakipo na hakijawahi kuwepo. Kwamba picha za daftari nilizitengeneza mwenyewe hapa ofisini. Kwamba nilikuwa mzee, naogopa kustaafu, nataka nionekane bado nafaa.

Julian aliisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Akasema, huu ni uongo, na unajua kuwa najua. Nikamwambia aandike basi kwamba ni uongo, atie saini yeye, amweleze waziri kwamba zile picha ni za kweli. Nilimwona anaanza kuelewa ni nani aliyemtuma na kwa nini, na hakukipenda alichokiona. Lakini ana miaka thelathini na tano na ana mke na watoto.

Aliitia kwenye bahasha. Saa kumi kamili.

Waziri amepona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jina langu. Miaka thelathini na nne nakusanya ukweli, na ule mmoja uliokuwa na maana nimeuua kwa mkono wangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Wamenifukuza kwa simu. Dakika nne. Sauti ya mwanamke mpole. Hakuna sherehe, hakuna barua ya shukrani, nisifike London mpaka nitakapoitwa. Julian alikuja kuchukua kompyuta na funguo. Mlangoni alisimama, akasema pole. Nikampa pakiti mbili za chai. Alizichukua.

Prossy kimya. Nilimwambia mwenyewe awe kimya. Lakini kimya cha kufika na kimya cha kutofika vinafanana, na dalali ana marafiki mpaka Kampala.

Ijumaa, 28 Novemba

Waziri kwenye televisheni. Anasema juu ya uadilifu katika utumishi wa umma. Tai ya buluu. Nimezima.

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna habari. Bi Zuwena ananiuliza kila siku nami namjibu hamna. Chakula hali vizuri. Amepunguza kupika, anasema mikono haina raha. Jana kaniuliza kama mtoto alishukia pale pale Entebbe au walimshusha njiani. Nikamwambia ndege siyo gari, haimshushi mtu njiani. Usingizi wangu ni wa vipande vipande.

Jumatatu, 8 Desemba

Goti limevimba. Daktari kasema nipumzike. Nikamwambia sina jingine ninalofanya.

Jumapili, 14 Desemba

Bi Zuwena kanipigia saa tatu asubuhi. "Bi Rukia, njoo uchukue kitu chako. Mie sikigusi." Sauti ilikuwa ya hasira. Nilikwenda kwa miguu, goti na yote.

Dada mmoja wa Kiganda anayefanya kazi saluni hapa Al Rigga amerudi jana kutoka kwao. Kaacha mzigo kwa Bi Zuwena, kasema umetoka kwa mtu, wa mama wa chai, akaenda zake kazini. Bi Zuwena aliufungua, akaufunika, akautoa nje kwenye roshani, akaufungia mlango.

Hotipoti ya buluu. Imejaa mpaka juu. Panzi wa kukaanga, wale wanaowaita senene, wamenyonyolewa mabawa, wamekaangwa na kitunguu, wanameta mafuta. Hamna karatasi, hamna neno.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha roshani nikacheka, kisha si kicheko tena. Bi Zuwena akanijia juu ameudhika, akauliza ni nani aliyenifanyia mzaha huu. Nikamwambia huyu ni Prossy. Akauliza nitajuaje, mara hii si imepita mikono mingine. Nikamwambia hebu jitazame, Bi Zuwena. Hotipoti hii imelala nyumbani mwako, na ungetia wewe kitu hiki ndani?

Akafikiri. Akasema, haki ya Mungu, hapana. Kisha akaelewa, akakaa chini mlangoni pale pale, akashika kichwa na mikono miwili, akasema kafika, kafika.

Baadaye aliniuliza kama ni halali. Nikamwambia panzi ni halali. Nimekula mmoja. Chumvi nyingi, ana ladha ya ngozi ya kuku iliyokauka. Bi Zuwena aligeuza uso ukutani. Nimekula wa pili.

Tumewamimina kwenye bakuli, nimeiosha hotipoti na kuianika. Yule dada wa saluni anarudi kwao Machi. Bi Zuwena amekwishatoa unga, anasema visheti vya safari vinataka sukari nzito zaidi, na tufanye jaribio leo.